Mgeni wa Mzigo Apewe Siku Zake



Leo nataka tumzungumzie kijana ambaye kila apitaye Mchafukoge na Kariakoo, Dar es Salaam, humwona, ila watu wachache humfikiria. Ameingia mjini juzi. Ana ndugu au rafiki aliyemtangulia, naye kampeleka kijiweni wanapokaa wapagazi wa soko, wale ambao wengi wetu tunawaita makuli. Lori limeegeshwa kabla jua halijachomoza, turubai limefunguliwa, na ndani kuna mabelo ya vitenge, katoni za vyombo na mifuko ya mchele. Mzigo unatakiwa ghalani, na ghala liko ghorofa ya tatu. Wenzake wawili wanainua, wanamtwika, wanamwambia, "Haya, twende." Hapo ndipo mafunzo yake yanapoanza, na mara nyingi ndipo yanapoishia.

Yamkini kijana huyo alikuwa mkulima na jembe analijua. Lakini kulima ni kazi moja, na kupanda ngazi na belo kichwani ni nyingine kabisa. Siku ya pili shingo haigeuki. Siku ya tatu anashuka ngazi kinyumenyume kwa sababu mapaja yamekataa. Siku ya nne anaambiwa, "Wewe mlegevu, mji huu hauna nafasi ya walegevu." Wengine hurudi walikotoka wakiamini kwamba kweli wao ni walegevu. Wengine hukaza meno, wakapata jeraha la mgongo watakaloishi nalo hadi uzeeni.

Mimi nasema huyo si mlegevu. Hakuna mtu anayezaliwa na nguvu ya kubeba. Ni elimu ambayo mwili hufundishwa hatua kwa hatua, na mwili una ratiba yake ambayo bosi hawezi kuifupisha kwa kupiga kelele. Siku kumi na nne za kwanza huchangia sana kuamua kama mtu huyu atakuwa mpagazi au majeruhi. Kwa hiyo mgeni wa mzigo apewe siku zake.

Tuna methali isemayo: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Ni methali ya heshima, na imetokana na jambo la kweli. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji ilitegemea mabega ya Wanyamwezi kuliko kitu kingine chochote. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, bila kuhesabu mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Hata leo ndani ya Kariakoo kuna Mtaa wa Nyamwezi.

Lakini tusiielewe vibaya methali hiyo, tukadhani kwamba kabila moja lilizaliwa na mifupa ya chuma. Wasafiri wa zama zile waliandika kwamba watoto wa Unyamwezi walianza kubeba vipande vidogo vya pembe za ndovu wangali wadogo. Kijana alipojiandikisha katika msafara wake wa kwanza mrefu, mgongo wake ulikuwa na miaka ya mazoezi. Tena msafara wenyewe ulikuwa na taratibu zilizoulinda mwili. Watu waliondoka alfajiri, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, akiwa mbele, na jua lilipokuwa kali walitua mizigo wakapiga kambi. Mwendo wa siku ulikuwa kama maili kumi hivi. Safari ya mchana wa jua kali ilifanywa pale tu ilipolazimu, hasa maji yalipokuwa mbali, na wapagazi waliichukia.

Kambi ya kwanza nayo ilikuwa na hekima yake. Ilikuwa desturi msafara unaotoka Bagamoyo ulale mahali pa karibu siku ya kwanza. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipoondoka Machi 1871 kwenda kumtafuta mmisionari Livingstone, kambi yake ya kwanza ilikuwa Shamba Gonera, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Hapo mizigo ilifungwa upya, aliyesahau kitu alirudi kukichukua, na miguu ikapata kuijua njia. Wazee wale hawakuwa na daktari wa michezo, ila walijua kwamba siku ya kwanza haipaswi kuwa siku ndefu.

Sasa, msikilizaji, tuangalie yaliyotokea watu walipoacha kufuata elimu hiyo. Mfano uko hapa hapa tulipo, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, majeshi yalikuta nchi pana isiyo na barabara, yenye mbung'o wanaoua farasi na ng'ombe. Risasi, unga, dawa na mizinga ikabidi vibebwe na watu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa lugha yao, chini ya Oscar Watkins. Walipouteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, kikosi hicho kiliweka makao penye jengo la soko lililojengwa na Wajerumani. Watu wa mjini wakalitamka jina la kikosi kwa ndimi zao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili hiyo hiyo.

Kadiri vita vilivyoendelea, idadi ya watu waliotakiwa ilizidi kuongezeka. Mwaka 1917 huko Kenya ilipigwa kamatakamata kubwa, kila wilaya ikidaiwa vijana. Tazama walivyochukuliwa. Mtu wa milimani, aliyezoea baridi na asiyeijua malaria, alipelekwa bonde la Rufiji wakati wa mvua kubwa. Mtu aliyekulia kwenye ndizi alipewa unga wa mahindi, tena mara nyingi bila muda wala kuni za kuupika ukaiva. Matumbo yakaharibika, kuhara damu kukaenea, na malaria na homa ya mapafu zikamalizia kazi. Upande wa Wajerumani, jeshi la kamanda wao Lettow-Vorbeck nalo liliwakokota wapagazi kwa maelfu, na kumbukumbu zao hazikuandikwa ipasavyo.

Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee walizidi 95,000, na kwamba wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi, njaa na uchovu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa jeshi haukuwa mzito kuliko ule ambao Mnyamwezi wa miaka ya 1870 aliubeba hadi Ujiji akarudi. Waliotangulia walikuwa na mafunzo, chakula walichokizoea, kambi za mapema na haki ya kubishana kuhusu ujira. Waliofuata waling'olewa majumbani mwao, na asubuhi yake wakatarajiwa kuwa tayari.

Ukienda kwenye sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, utaona askari na bunduki yake. Mpagazi hayumo katika umbo lile. Ametajwa katika maandishi ya chini, kwamba wachukuzi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi walau wamemchonga, amesimama pamoja na wapiganaji. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, waliotumikia Dola ya Uingereza katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo kila tunapotamka Kariakoo, tunalitaja jeshi la watu waliobebeshwa bila kuandaliwa. Ndiyo maana naona aibu kwamba ni mahali hapo hapo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, tunarudia kosa lile lile kwa mtu mmoja mmoja.

Sasa tuingie ndani ya mwili wenyewe, tuone unafanya nini katika siku hizo za kwanza.

Kwanza kuna maumivu. Misuli iliyofanyishwa kazi ngeni huuma zaidi siku ya pili na ya tatu kuliko siku yenyewe. Maumivu hayo kwa kawaida si ugonjwa. Ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo zikijijenga upya, na zikimaliza huwa imara kuliko zilivyokuwa. Lakini hujijenga wakati wa mapumziko na kwa chakula. Ukimtwika mtu mzigo ule ule siku ya pili, na ya tatu, na ya nne bila nafuu, unabomoa ukuta ambao mafundi bado wako juu yake.

Pili, nguvu ya mwanzo haitoki kwenye misuli. Katika wiki za kwanza misuli haijapata muda wa kunenepa. Kinachojifunza ni ubongo na mishipa ya fahamu: upumue wakati gani, uweke wapi mguu, ukaze nini na ulegeze nini. Mpagazi mzoefu anayetwikwa gunia huonekana kana kwamba hafanyi jambo kubwa. Shingo imenyooka, ngata imekaa sawasawa utosini, magoti yamelegea kidogo, macho yako mbele. Mgeni hupigana na mzigo kwa mwili mzima, akatumia nguvu maradufu kwa kazi ile ile.

Kuhusu hilo upo utafiti mashuhuri uliofanyika kwa jirani zetu Kenya, ukachapishwa mwaka 1986 katika jarida la Nature. Wanasayansi walipima pumzi za wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Walikuta kwamba wanawake hao wanaweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Utafiti uliofuata, wa mwaka 1995, ulionyesha kwamba siri iko katika mwendo, jinsi mwili unavyopanda na kushuka katika kila hatua. Mama zetu waliujenga mwendo huo tangu utotoni, ndoo baada ya ndoo. Kijana wa juzi hawezi kuupata kwa asubuhi moja.

Tatu, kuna kano, zile kamba zinazofunga misuli kwenye mifupa. Hizo huimarika polepole kuliko misuli. Hapo kuna hatari, kwa sababu kijana akifika wiki ya tatu au ya nne hujiona shujaa. Misuli imeitika, fedha zinaingia, anaanza kubeba mizigo miwili kwa mpigo. Kano bado hazijafika. Magoti mengi na mabega mengi huharibika wakati huo, mtu akiwa ameshaacha kuogopa.

Na nne, kuna joto la Dar es Salaam. Kuanzia Desemba hadi Machi jua na unyevu wa hewa hukaa pamoja, na jasho halikauki mwilini. Mwili unaoanza kazi nzito katika joto huhitaji wiki moja hadi mbili kujirekebisha: jasho lianze kutoka mapema zaidi, chumvi kidogo ipotee, maji ya damu yaongezeke ili moyo usihangaike. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini inashauri kwamba mfanyakazi mpya katika joto apewe asilimia 20 tu ya muda wa kawaida siku ya kwanza, kisha aongezewe si zaidi ya asilimia 20 kila siku. Wamefikia hapo kwa sababu uchunguzi umeonyesha kwamba wengi wanaouawa na joto kazini hufa katika siku zao za kwanza.

Msikilizaji, sheria hii ya mwili haijali kama ni joto au baridi. Mlima Kilimanjaro tunao. Kwenye njia ya Machame kuna kambi iitwayo Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, na hapo usiku maji huganda ndani ya chupa. Wapagazi wa mlima, ambao wenyewe hujiita wagumu, hung'oa mahema asubuhi, huwapita wageni njiani, na wageni wanapofika jioni hukuta kambi imesimama na maji ya moto yapo. Mwanzoni mwa mwaka 2000, Profesa Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake walipokwenda kutoboa barafu ya kileleni ili kusoma hali ya hewa ya zamani, barafu ambayo chini kabisa ina umri wa miaka ipatayo 11,700, wapagazi wa Kitanzania walisaidia kupandisha vifaa, na barafu yenyewe ikateremshwa kwa mabega yao.

Mlimani kumewekwa kanuni: mzigo wa kazi anaopewa mpagazi usizidi kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe, na mizigo hupimwa kwa mizani langoni. Kanuni hiyo huvunjwa mara nyingine, na wapo wanaoisimamia kwa bidii. Lakini ipo, na kila mtu anaijua. Huko ndiko pia maneno "pole pole" yamekuwa sheria kwa mgeni, awe tajiri wa namna gani, kwa sababu mwili usiopewa siku zake juu kule hulipiza mara moja.

Hata mbali kabisa, kwenye Ncha ya Kusini ya dunia, ilikuwa hivyo hivyo. Roald Amundsen wa Norway alijenga kambi yake Januari 1911 na kukaa majira yote ya baridi akijiandaa. Septemba alishindwa na subira, akaondoka mapema, na baridi ikamrudisha. Alipoanza tena Oktoba, alikataa kuwachosha watu na mbwa wake. Walikwenda maili 15 hadi 20 kwa siku, kisha wakapumzika saa nyingi, hata hali ya hewa ilipowaruhusu kuendelea. Alifika nchani Desemba 14, 1911. Robert Scott wa Uingereza na wenzake, waliovuta sleji kwa mabega yao wenyewe huku posho yao ikiwa pungufu kuliko nguvu walizotumia, walifika Januari 1912, na wote watano wakafa njiani wakirudi. Watu wale walikuwa hodari. Uhodari haukuweza kujaza pengo la chakula na mapumziko.

Turudi Kariakoo. Sheria ya Vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, miaka mingi. Ni jambo jema, nami nalipongeza, kwani lumbesa humwibia mkulima. Ila tutambue kwamba kilo 100 ni kipimo cha kulinda biashara. Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1967, lilipendekeza kwamba mwanamume mtu mzima asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55. Mkataba wake namba 127 wa mwaka huo huo unataka mtu afundishwe namna ya kubeba kabla ya kupewa kazi ya kubeba. Na sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, tuna na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini kibarua wa kijiweni, anayelipwa kwa mzigo na tajiri asiyemjua kwa jina, hana mkataba wa kuupeleka popote akiumia.

Kwa hiyo nina maneno kwa kila mmoja wetu, na nayasema kwa heshima.

Wewe mwenye duka au ghala, unapoona sura mpya kwenye mzigo wako, uliza, "Huyu ameanza lini?" Akiwa wa wiki hii, mpe katoni, usimpe belo. Mpe ghorofa ya chini. Gunia la kilo 100 libebwe na watu wawili, au liingie kwenye toroli. Unajenga ghorofa sita za biashara, weka na winchi ya kupandishia mizigo. Gharama yake itarudi, kwa kuwa vitu havitaanguka na watu hawatavunjika.

Ninyi wakubwa wa vijiwe, ninyi ndio chuo. Mnajua mengi kuliko kitabu chochote. Mfundisheni mgeni kusuka ngata, kusimama kabla ya kutembea, kuomba kutuliwa bila kuona haya. Wiki mbili za kwanza mchanganyeni na mzoefu mmoja, na ujira wake msiukate kwa sababu amebeba kidogo. Kumcheka hakumpi misuli.

Mama zangu mnaopika pembeni mwa soko, sahani yenu ya ugali na maharage ndiyo inayolijenga soko hili. Mtu wa mzigo anahitaji chakula kingi kuliko karani, na anahitaji kula kabla ya kazi, si mchana peke yake. Maji nayo yawepo, safi, karibu.

Na wewe kijana uliyeanza wiki hii, sikia. Maumivu ya siku ya tatu ni ya kawaida, yatapita. Lakini maumivu makali ya ghafla mgongoni, ganzi inayoshuka mguuni, mkojo uliogeuka rangi ukawa wa kahawia iliyokolea, kizunguzungu na kuacha kutoka jasho wakati wa joto, hayo si ya kukazia meno. Tua mzigo, kaa kivulini, sema, uende hospitali. Ile ya Mnazi Mmoja haiko mbali. Lala usiku, kwa kuwa usingizi ni sehemu ya kazi yako. Na usijipime na mwenzako wa miaka kumi, maana naye alianza kama wewe.

Nisisahau wenzetu wa Manispaa na wa masoko. Soko Kuu lile aliloliumba msanifu wetu Beda Amuli, likafunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, liliungua Julai 2021 na likajengwa upya. Tumefikiria vizimba, tumefikiria maegesho, tumefikiria kodi. Basi tufikirie na mahali pa kutulia mzigo, benchi, bomba la maji na kivuli, kwa ajili ya watu ambao bila wao hakuna bidhaa inayofika kizimbani.

Hakuna lolote katika haya linalohitaji msaada wa kutoka nje, wala fedha nyingi. Linahitaji tukubali kwamba mpagazi ni fundi, na kwamba ufundi wake una muda wa kujifunza kama ufundi wa seremala au wa dereva. Kesho asubuhi malori yatafika tena, na katika watu watakaoyazunguka atakuwepo mmoja wa siku ya kwanza. Mpeni mzigo mwepesi, mumwonyeshe njia, na muulizeni kama amekula.